Kurasa Zilizokuja Zenyewe

Papa alikuwa ameishika simu kwa vidole viwili, kwenye ukingo wake, kama mtu anayembeba panya aliyekufa kwa mkia kwenda kumtupa nje. Alikuwa amenyoosha mkono wote ili iwe mbali na kanzu yake. Kioo kilikuwa kimenigeukia mimi.

"Sikuitafuta hii kitu, Gasaro," alisema. "Ilikuja yenyewe."

Nami nikamjibu, nikiwa bado nimesimama mlangoni na mkoba begani: "Simu haifungui kurasa zenyewe, Papa."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Nimeyarudia nikipanga dawa kwenye rafu za famasi, nikishuka mteremko wa Cyangugu na ziwa limetanda mbele yangu, nikimenya ndizi jikoni. Niliyasema kwa sauti ya chini, yenye heshima kabisa, sauti ninayoitumia kazini kumwambia mgonjwa kwamba dawa yake imeisha. Sikumpigia baba yangu kelele. Labda ningepiga kelele, naye angepata mahali pa kunijibu.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka juzi, mvua zikiwa ndiyo zinaanza.

Papa ni fundi wa kanzu. Nyumba yake iko nyuma ya soko la Kamembe, vyumba viwili: cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia nguo na benchi la wateja, cha nyuma ni cha kulala. Bwana harusi wa Kiislamu anayejiheshimu, awe wa Kamembe au wa mashamba ya mpunga kule Bugarama, hupitia kwa Mzee Hakimu kupimwa shingo na mabega. Darizi yake ya kifuani huijua kwa macho hata aliyevuka daraja la mpakani kutoka Bukavu. Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na wateja. Papa alikuwa akishona tu na kuitikia.

Mama alifariki miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Aliugua miezi mitatu hospitalini Kigali, na hapo ndipo nilipomnunulia Papa simu ya kioo, ili wasikizane. Mama hakuwa na nguvu ya kuandika, basi akawa anamtumia sauti. Umekula? Umefunga dirisha la upande wa kitanda? Yule mtu wa Nkanka alikuja kuchukua kanzu yake? Alipoondoka duniani, sauti hizo zilibaki ndani ya simu, na kila nilipolala pale nilikuwa nikizisikia baada ya sala ya alfajiri, zikitoka taratibu chumba cha nyuma, Papa akidhani mimi bado nimelala.

Baadaye nikaona kuta nne zitamla. Nikamtafutia ruta, kile kisanduku cheupe chenye antena mbili kinachoingizwa laini na kumwaga intaneti nyumba nzima. Niliinunua sokoni, iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, nikaichomeka umeme, ikawaka taa za kijani, nikaona nimemaliza. Papa alifurahi kama mtoto. Alijifunza kutafuta nyakati za sala, habari za Bukavu, na hasa mitindo ya darizi: maua ya Zanzibar, ya Oman, ya Moroko. Binti yangu Umwali, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa akitoka shule moja kwa moja kwenda kwake, kunisubiri nifunge famasi. Wawili hao waliketi bega kwa bega kwenye benchi la wateja, wakichagua maua.

Jioni moja nilikuwa namsuka nywele, akaniuliza bila kugeuka: "Maman, mbona yule mwanamke wa kwenye simu ya Babu hakuvaa nguo?"

Mikono yangu ikasimama.

"Babu alikuonyesha?"

"Hapana. Tulikuwa tunatafuta maua. Maua hayakuja. Babu akaifunika simu na kitambaa, akaniambia niende nikacheze nje."

Mtoto alinieleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Mimi nikachukua lile swali la kwanza na kuacha yaliyofuata.

Kesho yake ndiyo siku ile ya mlangoni. Nilimwomba Papa anionyeshe simu yake, akaniletea bila kusita. Mbele ya macho yangu akaandika neno "darizi", akabonyeza. Ukurasa ukaanza kufunguka, ukawa mweupe kidogo, kisha ukarukia kwingine. Alipoona kilichotokea, uso wake ulipoteza rangi. Ndipo aliposema ilikuja yenyewe. Nikamjibu nilivyomjibu, na kuongeza kwamba kwa sasa Umwali atakuwa akinisubiri famasi.

"Sawa, Mama Umwali," alisema.

Tangu nizaliwe alikuwa akiniita Gasaro.

Mume wangu, Niyomugabo, anafanya kazi kiwanda cha saruji Bugarama na hurudi nyumbani Jumapili. Nilimwambia kwa simu. Alisema, "Muntu akikaa peke yake muda murefu..." Hakumalizia, nami sikumwambia amalizie. Nilimwachia sentensi ile ikiwa wazi, na baba yangu akiwa ndani yake.

Wiki saba zikapita hivyo. Umwali alikuwa akiketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, akifanya hesabu zake kati ya wagonjwa wanaokohoa. Aliuliza mara mbili tu kwa nini haendi kwa Babu. Mara ya kwanza nilisema Babu ana kazi nyingi. Mara ya pili alinitazama kabla sijajibu, akarudi kwenye daftari lake.

Siku ya Idi tulikutana naye uwanjani baada ya sala. Kila mwaka alikuwa akimshonea Umwali gauni, na mwaka ule pia alikuwa amelishona, la kijani, na maua madogo shingoni. Alimkabidhi mkono ukiwa umenyooka, kama anavyomkabidhi mteja. Kisha akairudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake na kuifungamanisha. Umwali alikwenda kumkumbatia kiunoni kama siku zote. Papa alibaki amesimama wima katikati ya watu, mikono nyuma, akitazama juu ya kichwa cha mtoto, mpaka mtoto mwenyewe akaachia. Nilisema moyoni kwamba ana haya. Niliona ni dalili ya hatia.

Kisha simu yake ikazimwa. Siku ya kwanza nilidhani ni umeme. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumamosi, nilimwacha Umwali kwa jirani nikaenda.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mmoja anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale karibu aliniambia Mzee ameenda kusali alasiri. Nilikuwa na ufunguo wangu. Nikaingia, nikaketi kwenye benchi la wateja. Chumba kilikuwa kisafi kupita kiasi, vipande vya vitambaa vimekunjwa na kupangwa, sakafu imepigwa maji. Kwenye kona ya meza kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vimeoshwa na kufunikwa. Nilivitazama muda mrefu. Ili nisiendelee kuvitazama, nikatoa simu yangu mkobani.

Simu yangu iliijua nyumba ile. Ilijiunga na ruta bila kuniuliza. Nikaandika jina la gazeti ninalolisoma kila siku, nikabonyeza, nikainua macho kutazama mtaani. Nilipoyarudisha, ukurasa ulikuwa mweupe. Kisha ukaruka.

Alikuwa mwanamke yule yule. Picha ile ile, maandishi yale yale mekundu chini yake.

Sikuwa nimegusa kitu.

Nilifunga, nikaandika tena, herufi moja moja. Safari hii ulikuja ukurasa wa kuniambia nimeshinda zawadi. Nikarudia: mwanamke. Nikaizima Wi-Fi, nikatumia intaneti ya laini yangu mwenyewe, gazeti likafunguka vizuri, na picha ya mvua iliyobomoa barabara ya Bweyeye. Nikaiwasha Wi-Fi: mwanamke. Nikazima: gazeti. Nilifanya hivyo mara nane au tisa. Jambo lenyewe nilikuwa nimelielewa tangu mara ya pili.

Simu ya Papa niliikuta ndani ya kopo la vifungo, imezimwa, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kanzu na kufungwa kwa uzi.

Cirhuza ana kibanda cha kutengeneza simu kwenye kona ya kituo cha mabasi. Ni Mshi, mwenyeji wa Bukavu, huvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Nilimkuta anakusanya vifaa vyake. Nilipomweleza ni nyumba ya nani, aliacha kukusanya.

"Mzee Hakimu wa kanzu? Ni papa yako?"

"Unamjua?"

"Alikujaka hapa mara tatu, Maman. Alisema nimutafutie kama kuna kitu alifinya bila kujua. Nikafagia simu yote, sikuona kitu. Hapa kwangu ilikuwa inafungua muzuri kabisa. Akaenda, akarudi. Nikafagia tena. Mara ya tatu..." Alijikuna shingo. "Mara ya tatu nilimucheka. Nilimuambia, Mzee, acha kutembelea bale banamuke, simu itapona."

"Akasema nini?"

"Aliniomba tu nifute yote. Nikamuuliza, yote yote? Na mapicha, na masauti? Alikaa kidogo. Akasema, futa."

Nilishika ukingo wa meza yake. Mbele yangu watu walikuwa wakipanda na kushuka na mizigo yao, na mimi nilikuwa nikiwaza dirisha la upande wa kitanda, na kwamba hakuna tena atakayemuuliza kama amelifunga.

Tulikwenda pamoja. Cirhuza alitumia simu yake mwenyewe, ambayo haijawahi kuingia nyumba ile. Akaiunganisha na ruta, akaandika jina la redio ya Bukavu. Ukurasa ukaruka.

"Haya," alisema. "Simu tatu, ugonjwa moja. Basi hapana simu. Iko hii kisanduku."

Alinionyesha. Alifungua ukurasa wa ndani wa ruta, akaingia kwa neno la siri lile la kiwandani, ambalo liko kwenye vitabu vyote vya ruta za aina ile na ambalo sikuwahi kulibadilisha, wala kujua kwamba lipo. Kulikuwa na mistari ya tarakimu. Akaweka kidole kwenye mmoja.

"Ukiandika jina la ukurasa, simu haijue njia. Inauliza kisanduku. Kisanduku nayo inauliza muntu wake wa kuelekeza njia. Hii namba njo ule muntu. Yapashwa kuwa ya kampuni ya laini yenu. Hii si yao. Kuna mwizi aliingia, akaondoa ule wa kweli, akaweka wake. Sasa muko munauliza mwizi njia ya soko, yeye anabapeleka kwake, analipwa kwa kila anayefika."

"Tangu lini?"

"Nani anajua? Pengine mbele ya wewe kuinunua."

Papa akatokea mlangoni. Alikuwa ametoka msikitini, kofia kichwani, viatu mkononi. Alitutazama, mimi na Cirhuza, na kisanduku kilichopinduliwa juu ya meza yake ya kukatia nguo, miguu juu. Alitusalimu. Tuliitikia. Akaketi kwenye kiti cha cherehani na kungoja kama anayesubiri hukumu isomwe.

"Papa," nilisema. "Ilikuwa ruta. Ile niliyoileta mimi."

Cirhuza alikuwa akigeuzageuza kisanduku akitafuta tundu dogo la kukirudisha kilivyotoka kiwandani. Akauliza kama kuna kitu chembamba. Papa akapeleka mkono kwenye ukosi wa shati lake, mahali anapochomeka sindano zake, akachomoa moja na kumpa, upande wa tundu ukiwa mbele, ili asijichome. Cirhuza aliibonyeza ndani tukihesabu kumi. Taa zote zikazima, kisha zikawaka moja baada ya nyingine. Akaingia tena, akatazama ile mistari: namba ya kampuni ilikuwa imerudi. Akakipa kisanduku programu mpya, akabadilisha neno la siri la kuingilia ndani, kisha na lile la Wi-Fi. Yote hayo hayakuchukua hata nusu saa. Wiki saba, na dawa yake ilikuwa sindano na nusu saa.

Simu yangu ikafungua gazeti. Ya Cirhuza ikafungua redio. Akamwelekezea Papa mkono aitoe ya kwake ajaribu.

"Imetosha," Papa alisema.

Cirhuza alisimama mbele yake, akashika mkono wake kwa mikono miwili. "Mzee, unisamehe. Nilikuchekaka."

"Ulifanya kazi yako," Papa alisema. "Ulifagia vizuri."

Cirhuza alipoondoka, tulibaki wawili. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati, matone makubwa ya hapa na pale. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilisema tu, "Papa, ulinieleza. Sikukusikia."

Alikuwa akiitazama mikono yake, ameilaza magotini, viganja juu.

"Wewe kutosikia si kitu," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza. Nilikuwa nakaa hapa nawaza, pengine ni mimi. Pengine mtu akifika umri huu, mikono yake hufanya mambo bila kumwambia. Nilikuwa nasali, nikimaliza naitazama hivi. Naiuliza."

Nilipiga magoti pale chini, kwenye sakafu iliyopigwa maji. Aliweka mkono juu ya kitambaa changu cha kichwa, kidogo tu, akauondoa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi kama inavyotakiwa, nikiwa nimevaa vizuri, na Niyomugabo, aliyeomba ruhusa kazini, akiwa pamoja nami amebeba gunia la mchele wa Bugarama. Niyomugabo aliketi kwenye benchi akazungumza juu ya mvua, juu ya mpira, juu ya bei ya saruji, mpaka jasho likamtoka. Papa alinisamehe upesi, kama mtu anavyoitikia salamu. Najua alisema kweli. Hajawahi kunikumbusha, hata kwa fumbo, hata siku niliyomkasirisha kwa jambo jingine.

Umwali alirudi kwa babu yake. Siku ya kwanza alikimbia kutoka shule mpaka akapoteza kiatu kimoja matopeni. Lakini nilipompitia jioni nilikuta benchi la wateja limehamishwa ukutani, na kigoda kimewekwa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje. Hapo ndipo mtoto alipokuwa ameketi. Papa alikuwa kwenye cherehani, ng'ambo ya chumba. Mlango ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa na jiwe, na kila aliyepita mtaani, muuza sambaza, dereva wa moto kwenye pikipiki yake, mwanafunzi, aliweza kuona babu na mjukuu wake na nafasi iliyokuwa kati yao.

Nilidhani ni kwa siku hiyo. Imekuwa miaka miwili.

Hatumii tena simu ya kioo. Ana ndogo ya vibonye ya kupokea na kupiga. Umwali akija na simu yangu kumwonyesha kitu, Papa huinuka na kwenda nje kuangalia hali ya hewa. Maua ya darizi sasa anayachora mwenyewe kwa chaki, kutoka kichwani, na Umwali, akiwa kwenye kigoda chake, humwambia kwa sauti ya kuvuka chumba lipi zuri na lipi limepinda. Hucheka sana wawili hao. Mtu asiyejua angesema hakuna kilichotokea. Mimi najua, na kila jioni nikikunja kona ya soko, kitu cha kwanza ninachokiona ni ule mlango.

Mwezi uliopita, mvua ilikuja na upepo kutoka ziwani. Nilikuwa nimetoka famasi mapema. Nilipofika, maji yalikuwa yakiingia ndani kwa kishindo. Umwali alikuwa amebana daftari kifuani, mgongo wake wote umelowa, hajasogea. Papa alikuwa amekusanya kanzu ya mteja, kitambaa cheupe cha thamani, na kuikumbatia kama mtoto mchanga, amejibana kwenye kona ya mwisho ya chumba. Jiwe lilikuwa mahali pake.

"Papa, mlango," nilisema.

"Naona."

"Nguo ya watu italowa. Na mtoto."

Alinitazama. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye nyusi zangu, nikayafuta.

"Unaenda wapi sasa?" aliniuliza.

"Siendi popote."

"Unakaa?"

"Nakaa."

Aliitazama kanzu mikononi mwake, kisha mtoto, kisha mimi.

"Basi funga wewe," alisema.

Nikalisogeza jiwe kwa mguu, nikafunga. Chumba kikawa giza, kisha Papa akawasha taa ya mezani. Umwali akabeba kigoda chake na kuketi karibu na cherehani, nguo zake zikitoa harufu ya mvua, nami nikaketi kwenye benchi la ukutani. Papa alitandika kanzu, akaikagua mshono kwa mshono, akaanza kushona.

Mvua ilipopungua, aliniomba nifungue.